App ya matokeo niliyotumia Kombe la Dunia la T20: pakua, ila zima notifikesheni

Wadau wa kriketi, hii app ya bure nimeitumia Kombe la Dunia la T20 la 2024 lote (T20 ni kriketi fupi, kila timu inapiga ova 20, ova moja mipira 6), lile la West Indies na Marekani, timu 20 mechi 55, na kwa kweli bila kitu kama hichi huwezi kufatilia maana kuna siku mechi zinapandana kabisa.

Uzuri wake ni kwamba haikupi skoa peke yake. T20 ukiambiwa timu ina mikimbio 120 (ndo pointi zenyewe) kwa wiketi 4, yaani wapigaji 4 wameshatolewa, bado hujaambiwa kitu, unataka kujua imebaki mipira mingapi na kila ova inatakiwa mikimbio mingapi, na hawa jamaa wameviweka vyote hapo juu, mpira ukirushwa tu namba zinabadilika. Fainali ya Bridgetown, India na Afrika Kusini, ndo ilinimaliza. Afrika Kusini walikua wanataka mikimbio 30 kwenye mipira 30, wiketi 6 mkononi, mpigaji wao Klaasen anapiga anavyotaka, kombe lao lile jamani! Akaja mrushaji wa India, Bumrah, akabana, Klaasen akatoka na 52 zake, na ile namba ya inayotakiwa kwa ova unaiona inapanda, 6, ikaingia 7, mara 10, ova ya mwisho wanataka 16 na mpira wa kwanza tu mpigaji wao Miller anadakwa na Suryakumar wa India pale pale kwenye kamba ya mpaka wa uwanja. India 176, Afrika Kusini 169. Yaani presha yote niliipata kwenye namba.

Kingine timu ndogo hazibaguliwi. Uganda walivyoifunga Papua New Guinea, ushindi wao wa kwanza kabisa Kombe la Dunia, kila mpira uliandikiwa maelezo, nikamfata mrushaji wao mzee Frank Nsubuga, miaka 43, ova zake 4 katoa mikimbio 4 tu na wiketi 2 juu. Wapinzani wakaishia 77. Hapo nawapa maua yao.

Sasa notifikesheni. Zinawahi kuliko picha, Marekani na Pakistan wamefungana 159 tumeingia supa ova (ova moja kila timu ya kuamua mshindi), mimi naangalia video yenye kuchelewa kidogo, simu inatetemeka inaniambia Marekani wameshashinda. Utamu wote umeisha. Matangazo nayo yanafunika skoa, ila hayo yanavumilika.

Kinachoniudhi zaidi ni msimamo wa makundi, haubadiliki mpaka mechi iishe. Timu zikilingana pointi na ushindi, wastani wa mikimbio kwa ova (unayopata ukitoa unayofungwa) ndo unaamua nani anapita, kwahiyo mtu anataka kuona wakati timu inakimbiza kwamba wakimaliza ova ya 14 wanapita na wakifika ya 16 wameaga. Namba zote wanazo tayari, watuwekee hicho tu na nyota ya tano nawapa