Shokapu mpya za nyuma: miezi minne kazini

Naendesha bodaboda Kihonda, Morogoro. Shokapu za zamani zilinitia aibu siku niliyombeba mama mjamzito kwenda kliniki. Kila tuta tulilovuka, pikipiki ilizama, ikaruka, ikazama tena, mara tatu nne ndipo itulie. "Mwanangu, taratibu," akaniambia, nami mwendo wenyewe ulikuwa wa baiskeli. Jioni fundi akanionyesha: sili zimekufa, mafuta yamevuja yote. Nilikuwa natembelea springi tupu.

Nikanunua jozi mpya kwa shilingi elfu 75. Fundi alipomaliza kufunga, nilipitia kwa jirani anayeuza saruji nikaomba mifuko mitatu ya kilo 50, nikapima kwa futi. Mfuko wa kwanza juu ya keria ulishusha nyuma sentimita moja na nusu. Wa pili ukaifikisha tatu. Ni ile kanuni ya Hooke tuliyosoma sekondari: uzito ukiwa mara mbili, springi nayo hubonyea mara mbili. Lakini wa tatu haukuongeza hata sentimita moja! Ukizitazama springi hizi kwa karibu, mizunguko ya upande mmoja imesukwa karibukaribu. Ikishagusana inabaki ile iliyoachana, na springi inakuwa ngumu zaidi. Kwa anayebeba magunia, hapo ndipo pesa yangu ilipolipa.

Springi iliyobanwa inatunza nishati, na inatunza kwa kasi kuliko uzito unavyoongezeka. Kwa vipimo vyangu, mfuko mmoja ulitunza karibu jouli 4, miwili ikatunza kama 15. Ndiyo maana tuta lilelile ukiwa na mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, linakurusha vibaya. Springi haijui kumeza, inarudisha karibu yote iliyopewa. Kazi ya kumeza ni ya mafuta: yanalazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo ndani ya bomba, na nishati inageuka joto. Nilishika bomba baada ya kilomita kadhaa za barabara mbovu, lilikuwa la vuguvugu. Sasa pikipiki inazama mara moja, inapanda, basi.

Ile ringi ya ngazi tano chini ya springi, ya kuikaza au kuilegeza, nimeiacha ngazi ya pili. Nikiwa na mzigo naipeleka ya nne kwa spana yake, springi inabanwa kidogo mapema na kiti kinanyanyuka.

Bushi za juu hazijaniridhisha. Mwezi wa tatu zilianza kulia, mpira wake ni laini mno, nimebadilisha kwa pesa yangu. Tena bomba limefungwa moja kwa moja. Mafuta yakivuja hakuna kufungua, unanunua nyingine. Nazipa nyota nne.

Ukiwa dukani, isimamishe shokapu sakafuni, iegemee kwa uzito wako wote, kisha iachie ghafla huku mkono ukiifuata. Ikiruka kama manati, iache hapohapo. Yenye mafuta mazima inapanda pole, bila kukusukuma kiganja.