Nusu ya Waelfi ya Island of Blood: wapiganaji 27 wa kuchunga kama mboni

Nianze na bei, maana ndilo swali mtakaloniuliza. Nusu ya Waelfi ya boksi la Island of Blood nimeinunua mtumba kwa pauni 35, posta ndani. Nusu ya pili, ile ya panya, mpwa wangu alikuwa nayo tayari. Kwa pesa hiyo nasema nunueni bila kusita. Boksi zima lisilofunguliwa, kwa bei wanazotaja wauzaji siku hizi, liacheni hapo lilipo, isipokuwa kama na panya pia mnawataka.

Kwa msiolijua: Games Workshop, kampuni ya hapahapa Nottingham ninapoishi, ililitoa Septemba 2010, baada tu ya kutoka toleo la 8 la Warhammer Fantasy Battle, mchezo wa vita wa vijisanamu unaochezwa mezani kwa dadu. Upande mmoja ni Waelfi wa juu, High Elves, upande mwingine ni Skaven, yaani panya wanaotembea kwa miguu miwili na kubeba silaha. Waelfi ni 27: mwanamfalme aliyempanda grifini (mnyama wa hekaya mwenye mabawa), mchawi mmoja, Sword Masters 10 wenye mapanga ya mikono miwili, Lothern Sea Guard 10 wenye mikuki na pinde, na Ellyrian Reavers 5 wa farasi. Panya wa kawaida peke yao ni 40, bado sijawahesabu wakubwa zao, majitu mawili ya panya na mitambo miwili ya silaha. Ukiyapanga majeshi mawili mezani uso kwa uso, upande wako unaonekana kama watu waliofika kikaoni mapema.

Vijisanamu vyenyewe ni vizuri kuliko nilivyotarajia kwa kitu cha 2010. Plastiki ni ngumu, nakshi za deraya zinaonekana, na vipande vinapachikana bila gundi, ingawa mimi nilitia gundi vilevile. Grifini ni kazi ya mtu aliyependa kazi yake, manyoya ya mabawa yanapokea rangi nyembamba yenyewe bila kulazimishwa. Mapanga ndiyo udhaifu: ni marefu na membamba, na ya mtumba huja yamepinda. Maji ya moto, unakunja taratibu, unatia kwenye maji baridi, yananyooka. Muuzaji wangu, ambaye simtaji, aliniletea mchawi asiye na fimbo. Nimemchongea ya waya. Angalieni picha vizuri kabla ya kulipa, hasa mabawa ya grifini na mikuki ya wale wa farasi.

Sasa tuje kwenye mchezo, ndiko kulikonifanya niandike.

Watu wengi humnunua Muelfi kwa kuwa ni hodari, wakampeleka mbele moja kwa moja, kisha wakalalamika kwamba jeshi ni bovu. Jeshi si bovu. Ni jeshi la kuchagua lini na wapi upigane, na boksi hili linakufundisha hivyo kwa ukali kwa sababu limekupa watu wachache mno wa kupoteza. Mwenye kujua bao atanielewa haraka: nyumba yako ina kete nyingi na inavutia kuichezea mapema, lakini ukiichezea kabla ya wakati wake, mwenzako anakusafisha.

Chukua Sword Masters 10, wamepangwa watano mbele na watano nyuma, dhidi ya kikosi cha panya 20 waliopangwa watano kwa safu nne. Mimi na mpwa wangu tunatumia kitabu cha jeshi cha 2007, yaani kitabu cha sheria za Waelfi peke yao, ambamo Waelfi wote hupiga kwanza hata wakiwa na silaha nzito kama hayo mapanga, na katika toleo la 8 hiyo inawapa pia nafasi ya kurudia dadu zilizokosa. Safu ya mbele ina mapigo mawili kila mtu, kiongozi wao ana moja zaidi, safu ya nyuma inaongeza moja moja: jumla mapigo 16. Wanapiga kwa dadu ya 3 na kuendelea, wanajeruhi kwa 2 na kuendelea, na deraya ya panya haiwasaidii kitu. Ukivamia kutoka mbele, kwa wastani panya karibu 10 wanakufa hapohapo. Mpya anapiga kelele za ushindi.

Mpwa wangu hapigi kelele. Anaondoa panya wake kumi, anawasogeza waliobaki mbele, na wote kumi wanajibu mapigo. Muelfi ana ukakamavu wa 3 tu, sawa na panya, kwa hiyo mmoja au wawili wangu wanaanguka. Halafu inakuja ile sheria ya ukaidi ya toleo la 8: kikosi chenye safu nyingi kuliko za adui hupima moyo wake (dadu mbili, jumla isizidi namba ya moyo, la sivyo kinakimbia) bila kupunguziwa kwa sababu ya kushindwa. Panya wana safu mbili kamili, mimi nimebaki na moja na vipande. Moyo wa panya ni 5, safu ya ziada inawaongezea 1, wanapima kwa 6. Hiyo ni nafasi zaidi ya mbili katika tano ya kubaki, baada ya kuchinjwa nusu! Wakibaki, zamu ijayo kile kikosi cha pili cha panya 20 kinakuingia ubavuni, na hapo mapanga yako mazuri yanaanza kurudi boksini.

“Mjomba, hao wako wamebaki tisa tu,” huniambia, na tabasamu analo.

Hiyo tisa ina maana kubwa kuliko inavyosikika. Ubavuni, mambo hugeuka kabisa: panya hawana kinga ya ngao dhidi ya pigo la ubavu, wa kujibu ni wale wachache tu waliogusana nawe, na kikosi chako kikiwa na safu mbili kamili za watano kinawavurugia safu, wasipate ile nyongeza ya moyo. Kwa wastani wanakufa karibu 12, wanabaki wanane, safu yao moja dhidi ya yako, ukaidi umekwisha. Wanapima moyo wakiwa wamepunguziwa mpaka chini kabisa, karibu hakika wanakimbia. Lakini safu mbili kamili za watano ni watu 10, na boksi limekupa 10 hasa. Akifa mmoja kwa wingu la sumu la mtambo mmoja wa panya kabla hujafika, una tisa, na huvurugi safu ya mtu yeyote. Aliyelipanga boksi hili ama alikuwa mcheshi ama alikuwa anauza boksi la pili.

Ndiyo maana kazi ya Waelfi wote wengine humu ni moja: kuwafikisha wale kumi ubavuni wakiwa kumi.

Hapo ndipo ninapowapenda wale watano wa farasi, ambao kila ninayemsoma anawadharau. Usiwatumie kupigana, wakipigana watakufa. Farasi wao wanakwenda inchi 9, na kwa kuwa ni wapanda farasi wepesi wanasogea hadi inchi 12 kabla mchezo haujaanza. Wapeleke mbele ya yale majitu mawili ya panya. Majitu yana wazimu wa vita: yakiweza kuvamia lazima yavamie, isipokuwa yapite kipimo cha moyo, na moyo wenyewe ni mdogo. Yakivamia, wewe chagua kukimbia. Yanakosa, yanajikokota mbele inchi chache, yanabaki peke yao nje ya mstari. Zamu yako farasi wanapima moyo kwa 8, mara saba katika kumi wanakusanyika, na wepesi wao unawaruhusu kusogea tena zamu hiyohiyo. Sharti moja: usiache shabaha nyingine karibu na hapo, kwa maana aliyekimbiwa anaweza kupima moyo na kugeuzia uvamizi kwa mwingine. Mpwa wangu alinifanyia hivyo na mchawi wa fimbo ya waya, sikulala vizuri.

Sea Guard nimewaandikia kidogo kwa sababu wanafanya kidogo. Wote kumi wanatupa mishale, safu mbili zinaruhusiwa, lakini kwa mbali dhidi ya kikosi cha panya wanaua wawili kama bahati ipo. Mishale yao ielekezwe kwenye kile kizinga cha sumu, mmoja wa ile mitambo miwili ya panya, maana sumu haijali deraya na ndicho kinachogeuza kumi kuwa tisa. Mtambo wa moto unatisha zaidi kwa macho, ila huo mara nyingine humlipukia mwenyewe, basi muachie Mungu. Mwanamfalme naye apelekwe hukohuko kwenye mitambo. Grifini anaruka, anavuka vichwa vya panya, anatua nyuma yao. Kishawishi cha kumtumbukiza katikati ya kikosi cha panya 20 ni kikubwa, na picha ya boksi inakuchochea. Usifanye. Ana nguvu, lakini peke yake hana safu hata moja, na panya watamkalia kwa ukaidi uleule huku wakimkwaruza zamu baada ya zamu.

Kitabu cha sheria kilichomo ni kidogo kwa umbo lakini sheria zimo zote za toleo la 8, na hiyo ni hazina, hasa kwa mtu anayecheza nyumbani na hataki kubeba lile jitabu kubwa. Kiingereza chake ni kizito kidogo kwa anayeanza. Sisi tumezoea kusoma kwa Kiingereza na kugombana kwa Kiswahili, inakwenda. Kama kundi lenu linatumia kitabu cha Waelfi cha 2013, jueni kwamba silaha nzito huko zimefuta ile sheria ya kupiga kwanza pamoja na kurudia dadu, na badala yake Waelfi hupigana kwa safu moja ya ziada. Kwa watu kumi katika safu mbili, hiyo safu ya ziada haipo. Yaani kitabu kipya kinaufanya upungufu wa boksi uumize zaidi.

Ushauri wangu wa ununuzi basi ni huu: tafuteni nusu mbili za Waelfi, si boksi moja zima. Mikao ya wapiganaji itajirudia, rangi tofauti za vishungi zitaficha. Sword Masters 20 katika safu nne za watano ni mnyama mwingine, wanaweza kupoteza watu njiani na bado wakafika wakiwa na safu. Grifini wa pili muuzeni, ana soko. Anayetaka kuwatumia kwenye The Old World, mchezo uliorudisha vitako vya mraba (vibao ambavyo vijisanamu husimamia) Januari 2024, akumbuke kwamba vitako vya boksi hili ni vya milimita 20 kwa waendao kwa miguu, na mchezo mpya unataka 25. Wa farasi wametoka 25 kwa 50 hadi 30 kwa 60. Mimi nimekata kadi ngumu ya boksi la nafaka, nikaibandika chini ya vitako vya zamani, nikapaka rangi ya udongo. Kadi ya boksi moja imetosha jeshi zima.