TAHADHARI: Flashi za "TB 2" Kariakoo, kompyuta yako haina kosa

Wadau, kuna winga (dalali wa mtaani) Kariakoo anayeuza flashi za "TB 2" ambazo hazina ukubwa huo. Bado yupo, na wanaomrudishia bado anawaambia kompyuta zao zina virusi. Mwongo mkubwa!

Mchezo wenyewe huu hapa. Anachomeka flashi kwenye laptopu yake, wewe umesimama pale pale unatazama. Anafungua ukubwa wake: TB 2. Anakopi muvi moja, anaiwasha, inacheza bila kukwama. "Kaka, si umeona mwenyewe?" Na kweli umeona. Utabisha nini, wakati aliyesema TB 2 ni kompyuta, siyo yeye? Aliyepigwa hapo asichekwe, hata fundi angetoa elfu 35 yake.

Uongo umefichwa kwenye kidhibiti cha ndani, yaani chipu inayoiendesha flashi na kuiambia kompyuta ukubwa wake. Kimechezewa kitaje ukubwa ambao hakipo, huku chipu ya kumbukumbu mara nyingi ni GB 16 au 32. Muvi ya GB 1 lazima iingie. Ukivuka ukubwa halisi, data mpya ama inapotea hewani ama inarudi kuandikwa juu ya ya zamani. Majina ya mafaili yapo, ukiyafungua hayafunguki. Jedwali la mafaili (orodha ya kila faili lilipo) nalo likivurugwa, Windows inakuomba uifomati.

Unamrudishia, anakwambia virusi hivyo, lete elfu 5 nikufomatie. USIKUBALI! Kufomati kunaandika jedwali jipya tu. Flashi inarudi kusoma TB 2 ile ile, ushahidi umefutika, na picha za harusi ndiyo basi.

Kama haisomi kabisa, hakikisha kwanza si tundu. Toa habu (kile kigawanyio cha matundu ya USB), chomeka moja kwa moja, kwa desktopu tumia matundu ya nyuma, kisha jaribu mashine nyingine. Halafu kwenye Windows fungua Run (Windows + R), andika diskmgmt.msc, itakuonyesha diski zote zilizochomekwa. Ikionekana pale ikiwa na ukubwa wake na mfumo wake wa mafaili ila haina herufi (kama E: au F:), ipe herufi itasomeka, ila ukubwa wake bado upime kama nilivyoandika hapa chini. Ikionekana bila ukubwa wowote, kidhibiti kinaongea lakini kumbukumbu imekufa. Ikileta kosa namba 43 kwenye Device Manager ya kila mashine, hiyo ni kimeo, itupe.

Kupima kabla ya kulipa: tumia programu ya ValiDrive kwenye Windows au f3probe kwenye Linux, dakika chache tu. H2testw ni ya uhakika ila inajaza flashi nzima. Kwa kasi ya MB 10 kwa sekunde, kuijaza GB 64 tu ni karibu saa mbili. Na msichanganye: GB 64 halali Windows inaisoma kama 59, huo si wizi.

Dalili? Bei ya kutupa, risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) hana, anakataa usipime kwa laptopu yako. Zipo nyingine, ila hasira zimenijaa.

Huyu asirudishiwe tu mzigo. Bidhaa bandia ni kazi ya FCC (Tume ya Ushindani), sheria ya alama za bidhaa ipo tangu 1963, na kituo cha polisi Msimbazi kiko hapo hapo. Mwenye flashi ambayo haijafomatiwa aipeleke kama ilivyo. Akamatwe, mzigo wote uteketezwe, na fremu anayojificha ifungwe!