TAHADHARI: Anauza kontroboksi za Noah za zamani, anataka umtumie la kwako kwanza

Wadau wa Noah, Townace, Liteace na hizi gari zote za familia za miaka ile, someni hii mpaka mwisho na muwapelekee mafundi wenu. Kuna jamaa anauza kontroboksi za injini, yaani kompyuta inayoendesha injini, kupitia magrupu ya WhatsApp ya spea na anaumiza watu vibaya sana. Jina silitaji, suala liko polisi na hata hilo jina alilotumia halifanani na lililosajili laini, ila namna anavyofanya kazi naieleza yote ili ukikutana naye umjue hata akibadilisha namba.

Unaweka tangazo kwamba unatafuta kontroboksi ya Noah SR40, injini 3S, otomatiki. Muda si mrefu anakuja pembeni, lugha nzuri, kaka habari za kazi, pole na gari. Anakutumia picha safi kabisa za boksi, lebo inasomeka vizuri, namba ya Toyota ile inayoanza na 89661 na zile tano zinazofuata zote zinalingana na za kwako, anasema ameitoa kwenye nusu gari iliyoshuka na kontena kutoka Japani. Bei laki nne. Halafu ndo anatupa ndoano, ukimtumia na boksi lako bovu anakufanyia laki mbili na themanini, tena anakwambia ni lazima umtumie kwa sababu anatakiwa kuhamisha programu ya gari yako kutoka boksi la zamani kwenda hili, bila hivyo gari haitawaka.

Jamani, biashara yake yote iko hapo, kwenye hilo boksi lako. Maboksi mengi yanayoitwa mabovu ni mazima au yana ugonjwa mdogo tu, na la kwako ndo atakalomuuzia mwingine kwa laki nne, wewe anakutumia kopo lililokufa.

Sisi Noah yetu inafanya kazi ya abiria huku Kilimanjaro, dereva ana familia inayokula kupitia hiyo gari. Asubuhi moja ikagoma, inapiga stata vizuri lakini haiwaki, plagi hazitoi moto, na ukifungulia swichi ile taa ya cheki injini haiji kabisa. Fundi wa kwanza akachomeka mashine ya kupima, mashine ikakataa kuongea na gari, akasema kontroboksi imekufa hapo hakuna mjadala. Ndo tukaangukia kwa huyu bwana. Boksi letu likapanda basi kwenda Dar, pesa ikaenda kwenye laini ya mtu aliyesema ni dada wa kaunta, na la kwake likaja na basi la usiku limefungwa vizuri kwenye plastiki ya mapovu na karatasi imeandikwa kwa mkono "limepimwa safi".

Tukachomeka. Kimya. Taa haiji, mashine haiongei, vilevile kama mwanzo. Nikampigia, akasema waya zenu ni mbovu, mmelichoma wenyewe, na vitu vya umeme havirudishwi dunia nzima. Nikamwambia basi turudishie la kwetu, akasema lilishatupwa. Baada ya hapo simu haipokelewi, na kwenye grupu akanitoa mwenyewe, kumbe ni mmoja wa wasimamizi.

Tukaita fundi umeme mwingine, mzee mmoja mtulivu sana, hana maneno mengi. Akaanza na boksi lenyewe. Akaligeuza kwenye mwanga akasema angalia hii lebo, kona moja imenyanyuka na pembeni kuna gundi imetoka imeshika vumbi, lebo ya kiwandani haikai hivi. Skrubu vichwa vimeliwa, maana yake limefunguliwa mara nyingi. Akalifungua. Ndani bodi ina alama ya maji kabisa, mstari umekaa kama ule unaobaki kwenye sufuria, miguu ya vifaa ina kutu ya kijani, na kapasita mbili hazipo, zimeng'olewa zimebaki vitundu tu. Yaani lile boksi halikuwa linatoa hata volti moja. Hakuna mtu aliyelipima, na huwezi kulipima likawa safi.

Sasa hapa ndo palipouma zaidi. Mzee akaazima kontroboksi ya Noah nyingine, nzima, gari inatembea, namba ileile, akachomeka kwetu. Taa haikuja! Akasema kumbe ugonjwa uko nje ya boksi. Akaanza kuchomoa soketi za sensa moja baada ya nyingine huku swichi iko wazi na mimi nimekaa mbele naangalia dashibodi. Alipochomoa sensa ya throto, ile inayopima mlango wa hewa ya injini unavyofunguka, taa ya cheki injini ikawaka palepale. Akairudisha, ikazima. Akaichomoa, ikawaka. Kufuata waya akakuta umesuguana na chuma cha breketi mpaka plastiki imeisha, waya wa volti 5 unagusa bodi ya gari, na ukivuta soketi unaachana nayo.

Wengi hawalijui hili na mafundi wengine pia hawalijui, ndo maana natumia muda hapa. Kontroboksi inatoa umeme wa volti 5 unaolisha sensa kadhaa kwa pamoja, waya huo mafundi wanauita VC. Ukigusa ethi, yaani chuma cha bodi ya gari, mahali popote, au sensa moja ikishoti kwa ndani, volti 5 inaanguka na kontroboksi nzima inajifunga, taa haiji, mashine haisomi, gari haiwaki. Ukiangalia kwa nje utaapa kontroboksi imekufa. Kipande cha nailoni na waya wa shilingi elfu mbili kilitosha, na boksi letu lililoenda Dar lilikuwa zima muda wote.

Kwa hiyo kabla fundi hajatamka kontroboksi, mwambie apitie haya mbele yako. Fyuzi ya EFI, ule mfumo wa umeme wa kupuliza mafuta. Rilei kuu ya EFI, zile zinaungua pini ndani, aazime ya gari nyingine ajaribu. Waya za ethi zinazofungwa kwenye injini, zikiwa na kutu boksi halipati njia ya kurudisha umeme. Apime kwenye soketi ya boksi kama umeme wa betri unafika ukifungulia swichi. Halafu apime ile volti 5, ikiwa haipo achomoe sensa moja moja. Fundi mwenye mita ya kawaida anamaliza kazi hii kwa muda mfupi, na akikataa kuifanya tafuta mwingine.

Sisemi kontroboksi hazifi, zinakufa. Za miaka ya 90 kapasita zake zinavuja maji yanayokula bodi, ukifungua unasikia harufu kama ya samaki, na mara nyingi fundi wa elektroniki anabadilisha hizo kapasita kwa pesa ndogo boksi linarudi kazini. Zinakufa pia mtu akibusti betri akageuza waya, au mkichomelea bodi ya gari bila kutoa teminali za betri, au gari ikiogeshwa kwa presha maji yakaingia. Na wenye baadhi ya Nissan za mwisho wa 90 na mwanzo wa 2000, ile vavu ya sailensa, inayoshika mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, ikishoti inaondoka na kontroboksi, ukiweka boksi lingine bila kubadilisha vavu linaungua na hilo pia, na muuzaji wa aina hii atakusubiri hapohapo akwambie umelichoma wewe.

Kuhusu kuhamisha programu, msidanganywe. Noah yetu haina immobilaiza, ule mfumo wa kuzuia wizi unaotambua funguo, boksi la namba ileile unachomeka na kuwasha, mzee alifanya hivyo mbele ya macho yangu na boksi la kuazima. Gari zenye funguo ya chipu ndo zina shughuli yake, hizo kweli boksi na funguo vinatakiwa vitambuane, lakini hata hapo kazi inafanyika kwenye gari yako au mbele yako, haihitaji boksi lako lipotee mkoa mwingine. Na muwe makini na otomatiki na manyuo, soketi zinaweza kuingiliana kabisa lakini la manyuo halina akili ya kuendesha giaboksi ya otomatiki, gari itawaka na gia hazitabadilika sawasawa. Namba lazima ilingane yote, usikubali "inafanana tu".

Ukinunua, boksi lako la zamani usilitoe. Hata liwe limekufa kweli, lina vifaa vya kutengenezea lingine, na lina namba ya kulinganisha. Omba video ya boksi hilohilo likiwa limechomekwa kwenye gari inayowaka, taa ya cheki injini ikija na kuzima, na kwenye video aandike jina lako kwenye karatasi aiweke pembeni ya lebo. Wa kwetu nilipomwomba video mwanzoni alileta ya gari nyingine kabisa, dashibodi haikuwa ya SR40, na alipoulizwa akasema kamera ndo inavyoonyesha. Mwenye mzigo mzima hasumbuki na hilo. Bora zaidi ununue kwa mtu aliye na duka unaloweza kurudi, akupe risiti ya EFD, na mkubaliane kwa maandishi kwamba likikataa kuwasha gari unarudisha. Likifika, kabla ya kuchomeka lipige picha pande zote ukiwa na shahidi, lebo, skrubu, pini za soketi.

Pesa angalia jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. La kwetu lilikuja jina la mwanamke, tukaambiwa ni wa kaunta, na kaunta yenyewe haipo, ndugu yetu wa Dar alienda mpaka mtaa aliotaja huko Ilala, wenye maduka pale hawamjui.

Tulichofanya sisi, tumeenda polisi tumepewa RB, yaani namba ya taarifa, tumepeleka meseji zote, stakabadhi za basi, muamala na boksi lenyewe. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na sheria yetu ya mauzo ya bidhaa inataka kitu kinacholipiwa kwa maelezo kilingane na hayo maelezo, kwa hiyo ile "vya umeme havirudishwi" isiwafunge mdomo. Meseji zake pia tumezituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Usifute chochote, hata zile voisi anazotukana.

Noah sasa hivi inatembea na boksi tulilonunua kwa fundi wa hapahapa, tumelipa baada ya kuliona linawasha. Letu la asili bado linatafuta mteja huko. Nyuma ya kifuniko, karibu na tundu la skrubu ya kushoto, lina herufi M na mstari chini yake zimekwanguliwa kwa msumari, aliziweka fundi zamani. Ukiletewa SR40 otomatiki yenye hiyo alama, usilipe, nitafute na unitumie mazungumzo yenu, mpelelezi anayataka.