Granola isiyo na karanga wala korosho: miezi minane jikoni kwangu

Binti yangu ana miaka minne na nusu, na ana aleji ya karanga na korosho. Baba yake ni mtu wa Newala. Anayeijua Newala ameshanielewa: kule korosho ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo zawadi ya mgeni. Mama mkwe alipopewa habari alinyamaza kwenye simu, kisha akauliza, "Hata moja?" Hata moja, mama.

Kilichonifikisha kwenye granola, yaani oti zilizookwa na mbegu na asali, ni shida ya asubuhi. Uji wa lishe tulishaachana nao, maana unga mwingi wa lishe unaouzwa una karanga ndani, na hata ukipeleka nafaka zako mwenyewe, mashine imetoka kusaga lishe ya mwenzako aliyekutangulia kwenye foleni. Mkate ulishatuchosha. Granola za dukani, karibu zote nilizozigeuza kusoma mgongoni zilikuwa na lozi au korosho, na zile chache zisizo nazo zilionya kwamba huenda zina chembe za karanga. Nikasema basi, nitaoka mwenyewe, ni kazi ya nusu saa. Jikoni ni nusu saa kweli. Shughuli yote iko kabla ya kufika jikoni.

Mara ya kwanza nilinunua mbegu za maboga za kupima kwenye kibanda kimoja sokoni, zimeshamenywa, nzuri za kijani. Nyumbani nilioka bila karanga, bila korosho, nikajisifu. Asubuhi yake mtoto alikula vijiko vitatu hivi. Sijamaliza kumfunga kamba za viatu, mdomo wa juu umeshatuna na shingoni kumetoka mabaka, anajikuna. Nilimpa dawa ya aleji tuliyoandikiwa, tukakimbilia hospitali, wakamweka pale kumwangalia kwa saa kadhaa. Kifua hakikubana, namshukuru Mungu. (Kikibana, au mtoto akianza kutapika na kulegea, usikae kusubiri dawa ya kunywa ifanye kazi. Nenda.)

Jumamosi nikarudi pale kibandani, nikasimama pembeni kama nachagua tangawizi. Nikaliona kopo. Moja tu. Lilizama kwenye gunia la karanga, likamwagwa kwenye mfuko wa mteja, likagongwa-gongwa ukingoni, halafu mteja wa pili akataka mbegu za maboga na kopo lile lile likazama huko. Nikamuuliza kijana. "Mama, hizi ni mbegu tupu, karanga ziko kule." Hakunidanganya. Karanga zilikuwa kule. Kopo ndilo lililokuwa huku na kule.

Nilikuwa nimejipa moyo kwamba oveni ingemaliza chochote kilichobaki, kama inavyoua vijidudu. Daktari akanirekebisha: kinachomdhuru mtoto ni protini ya karanga, na moto wa kukaanga hauiondoi. Tena karanga ya kukaanga inaweza kuchokoza aleji kuliko ya kuchemsha.

Tangu hapo nimebadilisha karibu kila kitu, na maoni yangu ni haya.

Oti kwanza, na hapa nisimame kidogo kwenye jina. Wengi wetu tunaziita shayiri, na hata mapishi mengi yameandikwa hivyo, lakini shayiri yenyewe ni nafaka nyingine, na ina gluteni, ile protini ya ngano na nduguze. Kwa mtoto wangu haina neno. Kwa mtoto asiyeruhusiwa gluteni ni kosa la kweli, kwa hiyo ukisoma "shayiri" mahali, angalia picha na viungo kabla ya kumwaga kwenye sufuria. Mimi nilikosea upande wa pili. Niliona pakiti zimeandikwa hazina gluteni, gramu 500 kwa shilingi 22,000, nikaamini ndizo salama kuliko zote, nikanunua tatu. Daktari akaniuliza kwa upole gluteni imeingiaje hapa. Ni kweli, maneno yale yanahusu ngano na nduguze, hayasemi lolote kuhusu karanga, na kiwanda kinaweza kuwa safi kabisa kwa ngano huku kinapakia lozi mlango wa pili.

Sasa natumia oti za kawaida za kutoka Uingereza, 7,500 kwa pakiti kama hiyo. Nimezichagua kwa sababu mbili. Sheria yao inalazimisha vizio 14, yaani vyakula vinavyoleta aleji, vitajwe, na kwenye orodha ya viungo viwe vimetofautishwa na maneno mengine, mara nyingi kwa wino mzito, kwa hiyo hata ukisoma dukani mtoto anakuvuta gauni utaviona. Pili, niliwaandikia watengenezaji kuuliza kama mtambo huo unapita karanga au korosho, wakajibu haupiti. Swali hili usiliruke, maana lile onyo la "huenda ina chembe" kampuni huliweka kwa hiari yake. Pakiti isiyo nalo haijakuahidi chochote. Nyota tano.

Mbegu za maboga: nanunua boga zima. Nazitoa mbegu, naosha ule utelezi, naanika juani chini ya neti siku mbili au tatu. Kumenya ndiyo adhabu, tamthilia ya jioni nzima unapata kikombe kimoja na vidole vinauma. Lakini najua zilikotoka hadi shambani, na nyumba nzima imejifunza kupenda mboga ya boga, watake wasitake. Nyota tano kwa usalama, mbili kwa vidole.

Mafuta yalinishangaza. Nilikuwa nachukua alizeti ya kukamuliwa kienyeji, naipenda harufu yake. Nikamuuliza mwenye mashine anakamua nini kingine. Akasema wazi kabisa, msimu wa alizeti ukipungua wanakamua ufuta na karanga. Mafuta ya namna hiyo hayasafishwi sana, yanabaki na protini. Nilimshukuru na sikurudi. Sasa ni mafuta ya nazi ninayochemsha mwenyewe kutoka tui. Nazi haimo kwenye ile orodha ya vizio 14, ingawa wapo wachache inaowakataa, kwa hiyo kama mtoto hajawahi kula, anza na kidogo.

Halafu jikoni kwangu mwenyewe. Nilitupa mwiko wa mbao, nikanunua wa chuma wa granola tu, na trei yake. Blenda nilitaka kuiosha tu. Nilipofungua ile raba ya chini ya visu nikakuta ukoko wa siagi ya karanga, umekauka, wa tangu sijui mwaka gani. Ile blenda nilimpa mdogo wangu. Mikono tunaosha kwa sabuni na maji, sote, pamoja na dada wa kazi na wageni. Vile vitakasa mikono vya kupaka vinaua vijidudu lakini protini ya karanga inabaki pale pale kiganjani.

Kuoka kwenyewe: vikombe vitatu vya oti, kikombe cha mbegu za maboga, kikombe cha nazi niliyoikata vipande vyembamba kwa kisu cha kumenyea viazi (usiikune, ikikunwa inaungua kabla oti hazijaiva), robo kikombe cha mafuta, theluthi ya kikombe cha asali, chumvi kidogo, mdalasini, na iliki mbili tatu nilizotwanga. Moto wa nyuzi 150, dakika 25 hadi 30, ukigeuza katikati. Ikitoka usiiguse mpaka ipoe, ndipo inashikana mabonge. Zabibu kavu zinaingia mwisho kabisa, ukizioka zinakuwa kokoto. Wengi huongeza ute wa yai ili ishike vizuri. Mwenye aleji ya mayai aponde tende zilizolowekwa, zinashika karibu sawa. Na kama kuna mtoto wa chini ya mwaka mmoja ndani ya nyumba, asipewe hii yenye asali, hata kijiko.

Je, ni tamu kama ya dukani? Hapana. Ile ladha nzito ya korosho haina mbadala, na asiwepo wa kuniambia mbegu za maboga ni kitu kile kile. Baba yake anakula kwa adabu tu. Hewa ya Dar nayo haina huruma, ukiacha kopo wazi usiku mmoja asubuhi ni kama ugoro uliolowa. Naihifadhi kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa raba, inafika siku kumi, na ikilegea nairudisha kwenye moto dakika tano. Bei ni karibu 15,000 kwa gramu 600 hivi, wakati ya dukani gramu 400 nilikuwa nailipia 18,000. Mtoto anaianzia kwenye nazi, anazichambua zote kama kuku, ndipo anakula mengine. Chekechea anapeleka kwenye kikopo chake chenye jina, na mwalimu anajua habadilishani na mtu, hasa siku za kashata.

Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kututembelea. Safari hii hakuleta korosho. Alisimama mlangoni anatabasamu, akanikabidhi kilo mbili za mbegu za maboga, kazimenya mwenyewe moja moja, tangu Ramadhani. Nilizipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti. Ndipo nikauona mfuko. Ulikuwa ule ule wa kila mwaka, wa korosho, na chini kwenye kona vumbi lake bado lipo.

Tumezila sisi wakubwa. Bibi anajua zimeisha, na ameshaahidi nyingine. Nimempelekea ndoo mpya yenye mfuniko, nikamwambia ni zawadi.