Kasha la filamu za John Carpenter: ukinunua, badilisha sauti kwanza

Ukishaweka diski ya Halloween, filamu yake ya kutisha ya 1978, usibonyeze kuanza. Ingia kwenye menyu utafute sauti ya awali, ile ya mono (ya mkondo mmoja tu), iliyotupwa mwisho kabisa wa orodha. Bila hivyo utasikilizishwa sauti mpya ya spika nyingi, iliyojazwa vishindo na ngurumo ambazo watazamaji wa 1978 hawakuzisikia. Aliyepanga menyu hii hakumwelewa mzee hata kidogo.

Carpenter ni mwongozaji wa kusikilizwa. Amesimulia mwenyewe kwamba alimwonyesha Halloween ofisa mmoja wa studio ikiwa bado haina muziki wala vishindo, na yule dada hakutishika. Akaamua kuiokoa kwa muziki. Ule muziki wa kinanda unaojirudia katika filamu aliutunga yeye, kwa mdundo wa mapigo matano aliofundishwa utotoni na baba yake, mwalimu wa muziki, kwa ngoma za bongo. Masikio yetu yamezoea manne, kwa hiyo kila mzunguko unakukuta hujajiweka sawa. Sasa mtu akumwagie ngurumo juu yake, za nini?

Picha sina ugomvi nayo. Imesafishwa mpaka siri za umaskini zinaonekana: hadithi iko Illinois, Marekani, mwezi Oktoba, majani yanapokauka, lakini walipiga California majira ya kuchipua, kwa bajeti ya kama dola 300,000. Majani makavu yalipakwa rangi, yakatawanywa barabarani, kisha yakazolewa yatumike tena. Tazama nyuma ya waigizaji: miti ni ya kijani kibichi, na kuna mahali minazi ya mapambo inachungulia. Mimi nilicheka, na bado dakika chache baadaye niliwasha taa.

Lakini pesa yangu ilirudi kwenye The Thing, ambamo zimwi linajigeuza lifanane na yeyote kambini. Ilitoka tarehe 25 Juni 1982, wiki mbili tu baada ya E.T. ya Steven Spielberg, watu wakiwa wamempenda kiumbe mpole kutoka angani. Wahakiki wakaitandika, na Carpenter akapoteza kazi kwa sababu yake. Leo ndiyo filamu yake inayotajwa kwanza na waongozaji wengi waliomfuata. Tazama pale wanaume wamefungwa kamba ili ajulikane nani si mtu, waya wa moto unazamishwa kwenye kisahani kimoja cha damu baada ya kingine, chshsh, chshsh, nawe unajikuta unahesabu visahani vilivyobaki. Mazimwi yalitengenezwa na Rob Bottin, kijana wa miaka ishirini na kidogo, aliyefanya kazi mpaka akalazwa hospitali kwa uchovu. Muziki safari hii ni wa Ennio Morricone, mtunzi Mwitaliano, ingawa ukifumba macho utaapa ni wa Carpenter.

Maelezo ya pembeni ya Carpenter na Kurt Russell, mwigizaji mkuu, wanayoyatoa filamu hiyo ikiendelea, yasikilize yote. Wanacheka kama walevi.

Manukuu, yale maandishi ya chini ya picha, yamefanywa kivivu, mara nyingi yanatangulia maneno. Na The Ward ya 2010 unaweza kuiruka: hata muziki wake hakuutunga Carpenter. Afadhali muda huo umtafute kwenye Halloween ya 2018, ambako kiti cha mwongozaji alimwachia mwingine, yeye akakaa kwenye kinanda na mwanawe Cody pamoja na mwanamuziki Daniel Davies.