Kompyuta ya Mezani Iliyotumika au Laptopu Mpya ya Bei ya Chini?

Laptopu mpya ya bei ya chini huja na dhamana, betri, skrini na kibodi kwa pamoja. Hata hivyo, nyingi za daraja hilo zina RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 4 iliyochomelewa kwenye ubao mama na hifadhi ya eMMC (chipu ya kuhifadhia mafaili, nayo imechomelewa) ya GB 64, kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa na mfumo endeshi wa Windows 11, kwa hiyo masasisho machache huijaza na mnunuzi hana namna ya kuiongeza.

Kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika ofisini hudai skrini ya kununuliwa kando, lakini hufunguliwa kwa bisibisi moja, ikaongezwa RAM, na diski yake ya kuzunguka ikabadilishwa kwa SSD (hifadhi ya chipu isiyozunguka) ya kiunganishi cha SATA, inayosoma hadi takriban MB 550 kwa sekunde. Badiliko hilo pekee, kwa maoni yangu, linashinda prosesa (chipu kuu ya kompyuta) mpya iliyo dhaifu. Angalia kwanza umri wa kompyuta hiyo ya mezani: Windows 11 haizikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel Core zilizotangulia kizazi cha 8, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo mashine kongwe ni afadhali iwekewe Linux, mfumo endeshi mwingine usiodai ada ya leseni.

Asiye na umeme wa uhakika, au anayefanya kazi akihamahama, achukue laptopu.